Jina la Kabula kwa Wino Mwekundu

Kama wiki hii umepewa kadi ya kliniki ya kifua na kuambiwa miezi minane, nakuandikia wewe. Sitakueleza habari za vijidudu. Hizo nilizisomea, nikazifundisha miaka tisa, na siku nilipougua mwenyewe hazikunifaa kitu. Nitakueleza habari za benchi. Nitakueleza na wivu pia, kwa sababu mimi hakuna aliyenionya kwamba huo nao huja pamoja na kikohozi.

Nyumbani naitwa Mama Jovin. Ni Mhaya wa Muleba niliyeolewa Mwanza, na kazi yangu ni uuguzi katika kliniki moja ya kifua hapa mjini. Kila asubuhi kabla ya sindano nilikuwa nikisimama mbele ya benchi la wagonjwa na kutoa somo. Mkono mmoja nilishika rula ya mbao, mwingine daftari kubwa lenye jalada gumu. Somo lenyewe lilikuwa na amri tatu: meza dawa tumbo likiwa tupu, hata chai iwe baadaye; usiruke siku; kula mayai, maziwa na maini. Nikimaliza, nilifungua daftari na kusoma majina ya watoro kwa sauti, kama mwalimu wa zamu kwenye mstari wa shule. Kila aliyekosa sindano tatu nilimwandika kwa kalamu nyekundu: jina, kijiji, na neno MTORO. Aliyerudi alisimama ili wenzake wamwone. Niliamini aibu inatibu. Hakuna aliyewahi kunipinga, na nani angempinga mtu mwenye sindano mkononi?

Mwaka niliougua, mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu, na Baba Jovin naye akapunguzwa. Akaingia kwenye mitumba, akawa anakung'uta marobota uani kwetu. Nilipoanza kukohoa nikasingizia vumbi la mitumba. Jasho la usiku nikalisingizia joto la kabla ya vuli. Mkanda wa sare ulipofika tundu la mwisho, nikatoboa jingine kwa msumari na kunyamaza. Muuguzi wa kliniki ya kifua, unanisikia, anatoboa mkanda. Aliyenipeleka maabara na vile vikopo vitatu vya makohozi alikuwa daktari wetu mkuu, tena alinishika mkono njia nzima kana kwamba ningetoroka. Majibu yalipotoka aliniambia nianze dawa kesho yake, na somo nilipumzishe.

Nililia kwa ajili ya somo kabla sijalilia mapafu yangu. Wewe unaweza kucheka.

Nyumbani mambo yaligeuka ndani ya siku mbili. Nilihamia chumba cha stoo chenye dirisha, kikombe changu kikafungwa uzi mwekundu, na mdogo wangu Frolida akaja kutoka Bukoba kushika nyumba. Majirani miaka ile walikuwa na jina moja tu kwa kila aliyekonda, na nilijua wanalitaja wakipita dirishani kwangu. Baba Jovin alikuwa mwema, lakini alikuwa anaketi karibu na mlango. Na Neema wangu, kitinda mimba, aliyekuwa na miaka mitatu, alianza kulishwa na Frolida. Nilikuwa nawatazama kupitia dirishani. Frolida aliviringa tonge dogo, akalipuliza, mtoto akafungua mdomo. Nilimchukia mdogo wangu, niseme ukweli. Amepanda gari siku nzima kuja kuniuguza, nami namhesabia matonge.

Asubuhi ya sindano ya kwanza nilifika kliniki nimevaa kanga badala ya sare. Nilizunguka kwa mazoea hadi mlango wa wauguzi, nikakumbuka, nikarudi kukaa kwenye benchi. Miaka tisa nilikuwa sijui kwamba benchi lile linayumba. Ukikaa mwisho wa kushoto, mwenzako akiinuka unashuka naye. Kwa sauti za chini nikasikia wakinitaja kwa jina walilonipa, "Nshomile," msomi, lile la kuwatania sisi Wahaya kwa kujiona. Kumbe nilikuwa nalo siku zote.

Kisha akaja Kabula kutoa somo langu.

Huyu Kabula ni Msukuma wa Kisesa, mwanamke wa miaka thelathini hivi, darasa la nne hakumaliza. Alikuwa mgonjwa wetu miaka miwili nyuma. Alitoroka dawa wiki ya kwanza tu, akarudi baada ya miezi mitatu akibebwa, na nilimsomea jina lake mbele ya wote. Baada ya kupona alibaki uani akiuza uji. Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri, wauguzi hatutoshi, na daktari alipokosa wa kushika nafasi yangu alimwomba yeye azungumze na wagonjwa kidogo. Kidogo! Alisimama pale na mwiko wake mkononi, akasalimia wazee kwa kupiga goti, akaanza hivi:

"Kesho mkikojoa mtaona mkojo mwekundu kama soda. Si damu. Ni rangi ya dawa, itakwisha zikiisha zile dawa nyekundu. Msikimbie. Mimi nilikimbia, nikamkuta mganga, akanilia jogoo wangu wawili."

Benchi zima likacheka, na mimi nikashuka na kupanda kwenye ncha yangu. Miaka tisa hawakunichekea hata mara moja. Nilitafuta makosa katika Kiswahili chake, r zikiwa l, nikayahesabu. Nilisema moyoni kwamba hata kuzungumza hajui. Lakini mzee mmoja aliyekaa karibu nami, Mzee Masalu, mfugaji kutoka ng'ambo ya Busisi aliyekuwa amefikia kwa binti yake Buswelu, alikuwa anatikisa kichwa na kusema polepole, "Aisifuye mvua imemnyea." Nikamwonea wivu Kabula hata kwa methali ya mtu mwingine.

Kesho yake chooni, mkojo ukaja mwekundu. Jambo hilo niliulizwa kwenye mtihani wa chuo na nilipata alama zote. Bado nilishika ukuta. Na kilichonituliza si chuo. Nilisikia sauti ya Kabula: si damu, msikimbie. Nilikasirika kwamba ni yeye aliyenituliza. Kisha nikakaa palepale nikifikiri kwamba katika miaka tisa sikuwahi kuwaambia wagonjwa jambo hilo. Niliona ni dogo.

Kwa miezi miwili ya kwanza unachomwa kila siku makalioni, na siku zinahesabiwa kwa sindano. Sindano ya tano, hukai sawa, unakaa upande. Sindano ya kumi, masikio yanavuma. Sindano ya kumi na mbili, njaa inarudi, na hii hakuna kitabu kinachoieleza. Si njaa ya kawaida. Mwili unataka kulipwa vyote ulivyoibiwa. Unaamka alfajiri tumbo linakwaruza, unakwenda kliniki bila kitu, unangoja foleni hadi saa nne, unapewa vidonge kiganja kizima, navyo vinatua kwenye tumbo tupu kama mawe. Kichefuchefu kinapanda. Wengine wanakimbilia ndoo. Hiyo ndiyo amri yangu ya kwanza, niliyoitoa kwa rula huku nikiwa nimekunywa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha nyumbani.

Kabula yeye alikuwa na njia yake. Nyuma ya ukuta wa kliniki aliweka sufuria, na kila aliyekuwa anatapika alipewa nusu kikombe cha uji kabla ya dawa. Wagonjwa walikwenda mmojammoja kama wanaokwenda haja. Na mimi nilikwenda. Nilifunika kichwa kwa kanga, nikanyoosha mkono bila kumtazama, naye akamimina. Nilikunywa uji wake wiki tatu. Vidonge vilitulia. Uzito ukaanza kupanda, mkanda wangu ukarudi tundu la zamani.

Ungetegemea shukrani. Mimi wivu ulinizidi kila nilipopata nafuu, kwa sababu sasa nilikuwa na nguvu za kuutunza. Nilimwonea wivu mama mmoja aliyeongeza kilo kuliko mimi. Nilimwonea Frolida, ambaye Neema sasa alimlalia kifuani mchana nami nikipungia mkono kutoka stoo. Na Kabula, zaidi ya wote. Wagonjwa walimletea viazi, dagaa, na mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vya samaki ambayo ndiyo nyama ya wengi wetu wakati ule. Alikuwa anawafundisha kuyachemsha mchuzi mzito. Mimi niliwaambia maini! Nani alikuwa na maini? Daktari naye siku moja alisema mbele yangu, bila nia mbaya, kwamba tangu Kabula aanze watoro wamepungua. Nilirudi nyumbani nikiwa na homa ambayo haikuwa ya kifua.

Nilikuwa naogopa jambo moja, na ulijue. Niliogopa kwamba nitapona na nisiwe na mahali pa kurudi. Wakati ule wenye vyeti walikuwa wanapunguzwa, na mwanamke wa mwiko alikuwa anafanya kazi yangu vizuri kuliko mimi.

Siku ya sindano ya thelathini na nane nilimfuata daktari ofisini, nikamwambia kwa lugha ya kitaalamu kwamba yule mama wa uji anawalisha wagonjwa kabla ya dawa, kinyume cha maelekezo. Sikusema kwamba nami naunywa. Daktari alikunja uso, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Uji ukapigwa marufuku hadi watu wamalize kumeza. Somo likaondolewa kwa Kabula, akapewa muuguzi aliyeazimwa kutoka wodi ya wazazi. Naye, kwa kuwa hakujua habari za kifua, alipewa daftari langu alisome.

Nikakaa kwenye benchi linaloyumba nikisomewa maneno yangu mwenyewe. Tumbo tupu. Mayai, maziwa, maini. "Mgonjwa asiyemaliza dawa ni adui wa watoto wake." Hayo niliyaandika mimi, kwa mwandiko mzuri, siku moja nikiwa nimeshiba. Sauti ya yule muuguzi haikuwa mbaya. Ni maneno. Nilitazama miguu ya wenzangu, mingi ikiwa na vumbi la mwendo wa saa mbili. Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Vidonge vilipotua nikawahi ndoo, lakini sikuifikia, nikatapika sakafuni mbele ya kila mtu. Aliyekuja na jivu na ufagio alikuwa Kabula. Alifagia akaondoka.

Mzee Masalu alitapika siku hiyohiyo, na siku iliyofuata. Sindano ya arobaini na moja hakuonekana. Ya arobaini na mbili, hakuonekana. Ya arobaini na tatu muuguzi akafungua daftari langu, akachukua kalamu yangu nyekundu, akasoma: Masalu, wa ng'ambo, mtoro.

Nilijua nani aliyemtorosha. Somo lilipokwisha nilimfuata Kabula uani, nikamwomba anisindikize Buswelu. Hakuuliza kwa nini. Alijaza chupa ya chai uji wa moto, akajitwika kikapu, tukaondoka, mimi nikikohoa na yeye akipunguza hatua ili nisione kwamba anapunguza.

Tulipopita nyumba za mwisho za mjini nilipumzika juu ya jiwe. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemshtaki kwa daktari.

"Najua, sista," akasema. "Daktari alisema ni mgonjwa mmoja aliyesoma. Kwenye benchi lile aliyesoma ni nani?"

Akaongeza, "Na uji ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Ulikuwa mtamu?"

"Pilipili manga ilizidi."

Alicheka peke yake kwa muda. Kisha kicheko kikaisha, akanyoosha miguu yake mbele na kuitazama. Alisema siku ile nilipomsomea jina, mama mkwe wake alikuwa amekaa naye kwenye benchi, ndiye aliyembeba. Walipofika Kisesa yule mama alimsimulia kila mtu kwamba mke wa mwanawe ametajwa na serikali kuwa mtoro. Mume akaona aibu, akaoa mwingine. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kuhusu ule mkojo, kwamba alidhani ni damu.

"Ningekuambiaje, sista? Ulikuwa umeshika rula."

Tulimkuta Mzee Masalu amekaa kivulini mwa nyumba ya mkwewe, amekonda hata fimbo yake ilionekana nene. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alisema yeye ana wajukuu kumi na saba, na ng'ombe wakipotea watu huja kwake kuuliza njia. Ametapika mbele ya wanawake kama mlevi. Akauliza kitu kimoja tu: "Jina langu limesomwa?"

Kabula alinitazama nijibu mimi.

"Limesomwa, baba," nikasema. "Kosa ni langu. Amri ile niliiandika mimi kabla sijawahi kumeza kidonge hata kimoja. Mimi mwenyewe nimeshindwa nayo, nilikuwa nakunywa uji kwa kujificha, halafu nikaufunga usiwafikie ninyi. Twende kesho, nitasema hivi mbele ya wote."

Kabula akamimina uji kwenye kifuniko cha chupa. Mzee akaupokea kwa mikono miwili.

Kesho yake alikuja. Nami nilisimama, kwa kanga, upande wa wagonjwa, nikasema yote mbele ya benchi na mbele ya daktari. Jasho lilinitoka lisilo la ugonjwa. Daktari akaenda kusoma vitabu vyake, akarudi. Alisema ni kweli dawa hupendelea tumbo tupu, lakini dawa iliyotulia na uji kidogo ni bora kuliko iliyomo kwenye ndoo, na anayetapika ajieleze asaidiwe. Sufuria ikarudi, tena ndani ya uzio. Na somo akarudishiwa Kabula. Kwa hiyo niliirudisha nafasi yangu kwake kwa mdomo wangu mwenyewe, na usidhani nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikajifunika shuka.

Sindano ya sitini ilikwisha mvua za vuli zikimalizikia. Miezi sita iliyobaki ni ya vidonge, unafuata mara moja kwa mwezi, na wakati unaanza kwenda kwa majira. Mwezi wa tatu wa dawa makohozi yalikuwa safi, nikatoka stoo. Baba Jovin aliukata ule uzi mwekundu kwenye kikombe changu, akanywea chai yeye, akanipa nimalizie. Mawingu ya wadudu wa ziwani yalipopanda kama moshi, nilikuwa naweza kutembea hadi ufukweni na kurudi. Masika, Frolida akafunga mizigo yake. Neema alimlilia siku mbili na kunisukuma. Siku ya tatu alileta sahani, akafungua mdomo. Nilimviringia tonge, nikalipuliza kama nilivyomwona mdogo wangu akifanya, kwa sababu mimi zamani sikuwa napuliza.

Mvua zilipokatika nikamaliza. Kadi yangu ilipigwa muhuri. Daktari akaniita ofisini, akanirudishia rula na daftari. Alisema muuguzi amerudi, taratibu ni taratibu, somo ni langu kuanzia Jumatatu. Kabula atabaki na uji wake. Niseme ukweli? Nilifurahi sana. Nilipiga pasi sare Jumapili nzima.

Jumatatu nilifika mapema, nikalifungua daftari kutafuta ukurasa wa kuanzia. Nikarudi nyuma, nyuma zaidi, miaka miwili na ushee. Nikalikuta jina. Kabula, Kisesa, MTORO. Nilikuwa nimelipigia mistari miwili.

Benchi lilijaa, nyuso tatu mpya, Mzee Masalu mwishoni akingojea kadi yake ipigwe muhuri, mashavu yamerudi. Nilimwita Kabula kutoka kwenye sufuria, nikamwonyesha ukurasa. Kusoma kwake ni kwa shida, lakini wino aliutambua.

"Soma," akasema. "Kwa sauti, kama siku ile."

Nikachukua kalamu ya bluu, nikakata neno moja, nikaandika mengine. Kisha nikasimama mahali pangu pa miaka tisa na kusoma:

"Kabula, wa Kisesa. Aliona mkojo mwekundu, akadhani ni damu. Muuguzi alijua, hakumwambia. Muuguzi ni mimi."

Mama mmoja mgeni, kadi yake ingali mpya mkononi, akamuuliza Kabula kama ni kweli, mkojo utakuwa mwekundu? Hakuniuliza mimi niliyevaa sare. Alimuuliza yeye.

Kabula akanitazama. Wivu ulinipanda palepale, mzima, haujakonda hata kidogo. Nikampa rula. Akaigeuza huku na huku, akaiona haina kazi, akaitumia kukorogea uji. Wakacheka wote, naye akaanza kuwaeleza. Mimi nikaenda kukaa mwisho wa kushoto wa benchi, mahali panapoyumba, nikasikiliza.